Amana Iliyomo Ndani ya Mashine: Nani Ahamie Windows 11, na Lini?

Swali moja limeingia katika maduka ya mafundi wa kompyuta, kuanzia Kariakoo hadi mitaa ya Mombasa na Luthuli Avenue jijini Nairobi, na waliulizao huliuliza kwa wasiwasi: je, Windows 10 iliyomo katika mashine yangu ibaki, au iondolewe ipigwe Windows 11? Anayeuliza aghalabu si mtaalamu wa mambo haya. Ni mama mwenye stesheneri anayechapa barua na kutoa nakala za vyeti. Ni katibu wa chama cha akiba na mikopo ambaye hesabu za wanachama wake zote zimo katika diski moja. Ni mwalimu mkuu mwenye alama za wanafunzi, au muuguzi wa zahanati mwenye orodha ya wagonjwa na maradhi yao. Watu hawa hawakununua kompyuta kwa ajili ya kufuatia mitindo. Waliinunua ili kazi yao ipungue uzito, na sasa wanaambiwa kwamba mashine ambayo machoni mwao haina kasoro hata moja imepitwa na wakati. Nimeona inafaa swali lao lijadiliwe kwa utulivu, kwa kuwa majibu wanayopewa ni mafupi kupita kiasi: wengine huambiwa wahame leo hii, wengine huambiwa wasijali kamwe, na majibu yote mawili hutolewa na mtu ambaye hakuuliza kwanza ndani ya mashine hiyo kumehifadhiwa nini, na kilichohifadhiwa ni mali ya nani.

Kwanza ielezwe hali ilivyo. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na miezi michache kabla ya hapo mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisimama mbele ya mkutano wa wataalamu akatamka kwamba hiyo ndiyo itakayokuwa Windows ya mwisho, yaani itaendelea kurekebishwa mwaka baada ya mwaka pasipo haja ya kuja nyingine yenye jina jipya. Kauli hiyo haikudumu. Tarehe 24 Juni 2021 kampuni hiyo hiyo iliitangaza Windows 11, ikaitoa kwa umma tarehe 5 Oktoba ya mwaka ule, na hatimaye, tarehe 14 Oktoba 2025, ikakomesha masasisho ya usalama yaliyokuwa yakitolewa bure kwa ile ya kumi. Aliyedhani kwamba siku ile mashine yake ingezimika alidhani visivyo, kwani asubuhi ya tarehe 15 kompyuta zile ziliwaka kama zilivyowaka jana yake, barua zikaandikwa, printa zikachapa, na hadi leo hakuna kilichobadilika mbele ya macho ya mtumiaji. Kilichokoma ni kitu kisichoonekana, na kwa sababu hakionekani ndiyo maana ni rahisi kukidharau.

Mfumo endeshi ni programu inayoamka kabla ya zile unazofanyia kazi mashine iwashwapo, igawayo kumbukumbu, ifunguayo mafaili, na kuruhusu au kukataza programu nyingine kugusa hiki na kile. Umeandikwa na maelfu ya watu, mistari yake ni mamilioni kwa mamilioni, na haiwezekani kazi ya wanadamu yenye ukubwa huo isiwe na nyufa. Wahalifu wanazitafuta nyufa hizo usiku na mchana; waundaji wa mfumo nao wanazitafuta; na kila mwezi, Jumanne ya pili, Microsoft hutoa viraka vya kuziba zile zilizogunduliwa. Mabaharia wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hili: jahazi lenye mbao nzima kabisa huingiza maji kwenye maungio, na nahodha mwenye akili hulipandisha pwani likapigwa kalafati kabla ya msimu, kwa kuwa bahari haina haja ya kuvunja ubao maadamu imepata mwanya. Na hapa pana jambo ambalo wachache huelezwa. Windows 10 na Windows 11 zina sehemu nyingi zilizoandikwa kwa maandishi yale yale. Kwa hiyo kila kiraka kitolewacho kwa ajili ya ile mpya huwa ni tangazo kwa mhalifu hodari, ambaye hukifungua, akakisoma, akatambua ufa uliozibwa, kisha akautafuta ufa huo huo katika ile ya zamani, ambako anajua kwamba kwa watumiaji wengi hakuna atakayeuziba. Hatari ya kubaki, basi, haisimami mahali pamoja. Inaongezeka kila mwezi.

Nani amewahi kulipa gharama ya jambo hili? Mfano mzito kuliko yote niujuao ni wa Ijumaa, tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo programu ya uhalifu iliyoitwa WannaCry ilianza kuenea, ikapita kutoka kompyuta hadi kompyuta pasipo mtu yeyote kubofya kitu, ikayafunga mafaili ya kila mashine iliyoingia, na kuandika juu ya kioo dai la dola 300 zilipwe kwa sarafu ya bitcoin, ambazo zingekuwa 600 kwa atakayechelewa. Ilikadiriwa kwamba kompyuta zaidi ya 200,000 ziliguswa katika nchi zipatazo 150. Ufa ilioupitia ulikuwa katika sehemu ya Windows inayoziwezesha kompyuta za ofisi moja kugawana mafaili. Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, lilikuwa likiujua, nalo liliuficha kwa ajili ya ujasusi wake, hadi siri hiyo ilipovuja na kuanikwa hadharani mwezi wa Aprili 2017.

Walioumia zaidi machoni mwa dunia walikuwa wagonjwa wa Uingereza. Taasisi 81 kati ya 236 zinazoendesha hospitali za umma katika England ziliathirika kwa namna moja au nyingine. Madaktari walirudi kwenye kalamu na karatasi, magari ya wagonjwa yakageuzwa njiani na kupelekwa hospitali nyingine, na miadi ya matibabu ikadiriwayo kufika 19,000 ikafutwa. Serikali yao baadaye ilikisia hasara kuwa pauni milioni 92. Balaa lile lilipunguzwa kasi na kijana mmoja Mwingereza, Marcus Hutchins, aliyeona ndani ya maandishi ya programu ile anwani ya intaneti ambayo haikuwa na mwenyewe, akaisajili, na kumbe kusajiliwa kwake ndiko kulikoifanya programu ile ikome kuenea.

Msomaji atanipa radhi nikikaa zaidi juu ya kisa hiki, maana kinafundisha lililo kinyume cha lile watu wengi walilolifahamu. Kiraka cha kuziba ufa ule kilikuwa kimekwisha kutolewa na Microsoft tarehe 14 Machi 2017, takriban miezi miwili kabla ya shambulio, na karibu kompyuta zote zilizodhurika hazikuwa na Windows XP ya kale, ambayo masasisho yake yalikoma tarehe 8 Aprili 2014, bali Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado ikihudumiwa na ingehudumiwa hadi tarehe 14 Januari 2020. Kwa maneno mengine, wengi wa walioangamia walikuwa na haki ya kupewa dawa, na dawa ilikuwa imefika mlangoni, ila hawakuipokea: pengine kwa sababu msimamizi wa mitambo aliogopa kuharibu programu nyingine, pengine kwa sababu hakuna aliyekuwa amepewa wajibu wa kuangalia. Basi anayehamia Windows 11 leo, kisha akazima masasisho yake ili asipoteze bando la intaneti, atakuwa amebadilisha jina la ugonjwa tu. Naye mwenye XP asidhani amesalimika, kwa kuwa Microsoft yenyewe ililazimika kutoa kiraka cha dharura kwa mfumo huo uliokwisha kuachwa miaka mitatu nyuma, na ukarimu wa namna hiyo haupaswi kutegemewa mara ya pili.

Hata hivyo sitaki kuwanyima haki wale wanaosita, maana kusita kwao kuna sababu. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10, na baada ya siku chache tu ikalazimika kulizuia, kwa kuwa katika baadhi ya mashine lilifuta picha na nyaraka za watu. Halikurudishwa mpaka tarehe 13 Novemba. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kosa, lililotolewa na kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike, liliangusha kompyuta milioni 8.5 za Windows kwa mara moja, na viwanja vya ndege na mabenki yakasimama katika nchi nyingi. Na wapo watakaokumbuka jinsi Windows 10 yenyewe ilivyosukumwa kwa watu katika mwaka wake wa kwanza, hata mama mmoja wa California, ambaye kompyuta ya biashara yake ilijihamisha na kuvurugika, akaishitaki kampuni na kutunukiwa dola 10,000. Mambo haya ni ya kweli, na yananifanya niamini kwamba mwenye mashine moja tu ya kumlisha hana sababu ya kuwa wa kwanza kujaribu kitu kipya. Lakini hoja ya kusubiri ina muhula wake. Windows 11 iko kazini tangu 2021. Waliotaka ijaribiwe na wengine kwanza, imekwisha kujaribiwa.

Tatizo letu sisi wa Afrika Mashariki liko mahali pengine, nalo ni katika mashine zenyewe. Windows 11 haikubali kila kompyuta. Inataka kumbukumbu ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64, masharti ambayo mashine nyingi za zamani huyatimiza pasipo taabu. Lakini inataka pia chipu ndogo ya kutunzia funguo za siri iitwayo TPM, toleo la 2.0, na prosesa zilizomo katika orodha yake, ambazo kwa upande wa Intel huanzia, isipokuwa chache mno, kizazi cha 8 kilichotoka mwaka 2017. Sasa tazama kompyuta za mtumba zinazoshushwa kutoka Dubai na Ulaya, ambazo ndizo zinazowasomesha vijana wetu na kuendesha ofisi zetu ndogo. HP EliteBook 840 G3, mashine imara ya mwaka 2016 ambayo utaikuta katika maduka mengi ya mtumba, ina prosesa ya kizazi cha 6, haikubaliki. Ndugu yake wa 2018, 840 G5, aghalabu ina kizazi cha 8, nayo ikiwa hivyo inakubalika. Kwa nje hata mwenye duka hukaribia kuzichanganya, na kwa kazi ya kuandika barua na kutunza hesabu mtu hataona tofauti ya maana kati yake. Lakini moja imefunguliwa mlango na nyingine imefungiwa. Kadhalika ThinkPad T470 na T480.

Hapa natoa rai yangu bila ya kuificha: sharti la prosesa limewekwa kwa ukali uliozidi haja. Naikubali hoja kwamba chipu ya siri huongeza ulinzi, na najua kwamba Microsoft ilizitaka kompyuta mpya ziwe nayo tangu Julai 2016; lakini zipo mashine zilizo na chipu hiyo hiyo, toleo hilo hilo, ambazo zimekataliwa kwa sababu ya umri wa prosesa peke yake. Kampuni ya utafiti wa masoko ya Canalys ilikadiria mwishoni mwa 2023 kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani huenda zikageuka taka kwa sababu ya uamuzi huu. Dunia tayari ilizalisha taka za umeme na elektroniki tani milioni 62 katika mwaka 2022, na kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa, iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo haikufika hata robo. Nyingi katika mashine zitakazotupwa na maofisi ya Ulaya na Marekani zitapanda meli kuja kwetu, zikiuzwa bei nafuu kwa mnunuzi asiyejua kwa nini zimekuwa nafuu. Kwa hiyo anayekwenda dukani hivi sasa kununua kompyuta ya mtumba na aulize kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza ukubwa wa diski, na asiridhike na jibu la kwamba ni «Core i5», maana jina hilo limebandikwa juu ya mashine za tangu 2009.

Wapo mafundi wanaoweza kuipiga Windows 11 katika mashine iliyokataliwa, kwa kuuruka ukaguzi wake. Jambo hilo linawezekana, na mashine huwaka. Ila Microsoft imetamka kwamba mashine za namna hiyo haziahidiwi masasisho, na masasisho ndiyo yaliyokuwa sababu nzima ya kuhama. Vilevile wapo wanaoiamsha Windows isiyo na leseni kwa programu za wizi zilizobebwa katika flashi, flashi ile ile iliyochomekwa asubuhi katika mashine ya jirani. Mteja hufurahi kwamba amelipa kidogo, asijue kwamba nyingi katika programu hizo huagiza kwanza ulinzi wa kompyuta uzimwe ndipo zifanye kazi, na kwamba kilichoingia wakati ulinzi ukiwa umezimwa hakitatangaza jina lake. Fundi wa namna hii simhukumu kwa haraka, kwani anatafuta riziki katika mji ambao bei ya leseni halali ni nzito kwa wateja wengi. Lakini mwenye kutunza siri za watu hana ruhusa ya kuzilinda kwa kitu cha kuokota.

Na hapa ndipo penye kiini cha neno langu. Kompyuta ya mtu binafsi, yenye hadithi anazoandika, picha za arusi ya bintiye na nyimbo azipendazo, ni mali yake, na akiamua kuiacha katika hatari ameihatarisha mali yake. Lakini orodha ya wagonjwa wa zahanati, ambamo imeandikwa nani ana virusi vya UKIMWI na nani ameharibikiwa mimba, si mali ya zahanati. Akiba ya wanachama si mali ya katibu. Alama za mtihani na namba za simu za wazazi si mali ya mwalimu mkuu. Vitu hivyo ni amana, na hukumu ya amana katika mila zetu na katika dini zetu zote inajulikana: mwenye kuipokea huilinda kuliko anavyolinda chake. Mwanachama aliyetoa jina lake, namba ya kitambulisho na kiasi cha mkopo wake hakupewa nafasi ya kuuliza ni Windows ya ngapi itakayozitunza habari hizo, alimwamini mtu. Kwa huyo aliyeaminiwa, kukaa katika mfumo usiozibwa nyufa ilhali mashine imeunganishwa na intaneti si suala la hiari tena, ni kosa, na nalisema hili nikijua kwamba fedha ni haba.

Sheria nazo zimekwisha kulifikia jambo hili. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na kusimamiwa na tume yake. Zote mbili zinamtaka anayekusanya habari za watu achukue hatua za kuzilinda zisipotee wala zisifikiwe na asiyehusika. Sioni ni kwa utetezi gani atajitetea msimamizi atakayeulizwa kwa nini habari za wagonjwa zilivuja kutoka katika mashine aliyoiacha bila ya ulinzi kwa miaka miwili, na habari za kukoma kwa ulinzi huo zilichapishwa katika magazeti.

Nini basi kifanyike na asiyeweza kununua mashine mpya? Njia ya kwanza imewekwa na Microsoft wenyewe: mtu binafsi mwenye Windows 10 iliyofikishwa toleo lake la mwisho, yaani 22H2, anaweza kujiandikisha apate masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ama kwa kulipa dola 30, ama pasipo kulipa kitu iwapo ataingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwao. Kwa makampuni na taasisi bei ni nyingine, dola 61 kwa kila mashine katika mwaka wa kwanza, nayo huongezeka maradufu kila mwaka, kwa miaka isiyozidi mitatu. Muhula huu ni wa kupumua, si wa kulala. Nashangaa ni wachache kiasi gani wanaoufahamu, na hakuna ninayemlaumu kwa hilo isipokuwa sisi waandishi, tulioitangaza siku ya mwisho kwa herufi kubwa tukasahau kueleza kilichobaki nyuma yake.

Njia ya pili ni kuiacha Windows kabisa. Mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, unatolewa bure, unasahihishwa na watu wa dunia nzima, na hauikatai EliteBook ya 2016. Ubuntu, iliyo mashuhuri katika aina zake, ilitoka mara ya kwanza mwaka 2004 kwa fedha na juhudi za Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth. Matoleo yake ya muda mrefu huhudumiwa miaka mitano bila malipo. Linux Mint hufanana zaidi na sura ya Windows, na aliyezoea ile ya zamani huizoea hii upesi. Wala lugha yetu haikuwa mgeni katika ulimwengu huu wa programu huru: mwaka ule ule wa 2004, mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyozungumza Kiswahili, kazi ambayo wanafunzi wa leo wangefaa kuijua na kuiendeleza. Kwa shule yenye chumba cha kompyuta kumi za zamani, ambamo watoto hujifunza kuandika, kutafuta habari na kupiga hesabu za jedwali, naiona njia hii kuwa ni bora kuliko zote, na ningependa wakuu wa shule waifikirie kabla ya kuomba wafadhili. Kwa ofisi ya mhasibu mambo ni tofauti: programu nyingi za hesabu zinazotumika huku, pamoja na mashine za stakabadhi na printa zake, zimetengenezwa kwa Windows, na kumlazimisha mhasibu ahame katikati ya mwaka wa fedha ni kumtafutia makosa.

Ipo pia mashine ambayo haihitaji kuguswa: ile isiyounganishwa na intaneti wala kuchomekwa flashi za wageni, kwa mfano kompyuta inayoongoza mtambo mmoja wa kiwandani au inayopigisha muziki ukumbini. Hiyo na iachwe ifanye kazi yake mpaka ichoke.

Kwa ambaye mashine yake inakubalika, kuhama kutoka Windows 10 halali hakulipiwi, nayo programu ndogo ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check humwambia mwenye kompyuta kama masharti yametimia na lipi limekosekana. Yapo mambo mawili matatu ya huku kwetu ambayo vitabu vya maelekezo haviyataji. Mzigo wa kupakua ni zaidi ya gigabaiti 5, na kwa bando la siku hilo ni pigo; fundi mwaminifu mwenye nakala safi aliyoipakua kwa Microsoft wenyewe anaweza kuwahudumia watu wa mtaa mzima kwa upakuaji mmoja. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta mpakato yenye betri iliyokufa, kama zilivyo nyingi za mtumba, inaweza kubaki haina mfumo wa zamani wala mpya, kwa hiyo kazi hii isianzwe pasipo betri nzima au kifaa cha kuhifadhi umeme. Windows 11 ikipigwa upya na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, matoleo ya karibuni hufunga diski nzima kwa msimbo wa siri, na ufunguo wa kuifungulia, wenye tarakimu 48, unahifadhiwa katika akaunti hiyo; asiyeunakili mahali pengine, siku fundi atakapobadilisha ubao mkuu wa mashine, huenda akazikosa nyaraka zake zote zikiwa salama mbele ya macho yake. Na aliyehama kwa njia ya kusasisha kisha akaona programu yake ya kazi haiitiki, ana siku 10 za kurudi alikotoka kwa urahisi, muda ambao unafaa kutumiwa kujaribu kila kitu, kuanzia printa hadi ripoti ya mwisho wa mwezi.

Fauka ya hayo yote, kompyuta ya zamani inayokubalika lakini inakwenda polepole mara nyingi haiponywi na mfumo mpya. Windows 11 juu ya diski ya kuzunguka na kumbukumbu ya gigabaiti 4 ni mateso. Fedha ya kununulia diski ya SSD, isiyozunguka, na kuiongeza kumbukumbu hadi gigabaiti 8 itamfaa mtu kuliko kitu kingine chochote atakachouziwa.

Lakini hakuna katika haya linalotangulia nakala. Mwenye nakala ya nyaraka zake katika diski ya nje, iliyochomolewa na kuwekwa kabatini, huweza kuhama, kubaki, kukosea na kurudi. Hata WannaCry ingemkuta ana la kujibu. Asiye nayo hana uamuzi wa kufanya, kwa kuwa ameshaiachia bahati iamue.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba anayetunza habari za wengine katika mashine iliyounganishwa na intaneti ni lazima ahame au ajiandikishe bila ya kuchelewa, na aliyejiandikisha asivuke mwisho wa muhula wake bila ya kuwa amehama. Mwenye mashine yake peke yake ana hiari, maadamu anajua anachokihatarisha. Kwa wakuu wa zahanati, vyama vya akiba na shule wanaosoma makala haya nina ombi moja: wiki hii mwiteni fundi, aandike katika karatasi moja kila kompyuta iliyopo, Windows yake, kizazi cha prosesa yake na kilichomo ndani yake, kisha karatasi hiyo isomwe katika kikao kijacho cha kamati, na jina la atakayesimamia masasisho lipitishwe na kuandikwa katika kumbukumbu.